Dada wa ile video ya 10: Katelyn Ohashi, na kwanini bingwa wa chuo hakwenda Olimpiki

Kama ulikuwa unashika simu Januari 2019 basi ile video uliiona, hata kama michezo sio mambo yako. Dada mfupi hivi, miguu imejaa nguvu, anaingia kwenye zulia la jimnastiki na kuanza kucheza muziki huku anacheka, mabega yanakwenda, nyuma yake wenzake wa timu wamesimama pembeni wanapiga step zilezile kama vile wao ndo wako ulingoni. Alafu katikati ya mchezo anaruka juu kabisa, anatua msamba, miguu yote imelala chini, na kabla hujasema "maskini kaumia" mwili unadunda na anasimama tena anaendelea kucheza. Mwisho ubao unaandika 10.

Huyo ni Katelyn Ohashi, wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuo kikuu cha UCLA pale Los Angeles, na ilikuwa tarehe 12 Januari kwenye mashindano ya vyuo huko Anaheim, California. Video ikaangaliwa mara makumi ya mamilioni ndani ya siku chache tu. Na chini ya kila posti watu walikuwa wanauliza jambo moja: sasa huyu mbona hayupo Olimpiki? Wengine wakawa wanamshauri ajiandae kwa Tokyo, wengine wanalaumu Marekani kwamba wamemficha. Swali ni la maana kabisa ila jibu lake refu, maana ndani yake kuna michezo miwili inayofanana kwa macho lakini inaendeshwa tofauti, kuna umri, kuna mwili ulioharibika mapema, na kuna hela ambayo wakati ule yeye hakuruhusiwa kuigusa. Nataka tulifumue taratibu kwasababu naona watu wanarudia kulipotosha kila video inapoamka tena.

Tuanze na tarehe ya kuzaliwa, hapo ndo pengine bahati yake ilipoamuliwa. Ohashi kazaliwa Aprili 12, 1997, Seattle. Simone Biles, yuleyule nyota wa jimnastiki wa Marekani unayemjua, kazaliwa Machi 14 mwaka huohuo, yani wamepishana chini ya mwezi. Sheria ya shirikisho la dunia inataka msichana awe anatimiza miaka 16 ndani ya mwaka wa Olimpiki, kwahiyo London 2012 wote wawili walikuwa bado wadogo. Ila kati yao aliyekuwa anatajwatajwa kama mrithi wa taji hakuwa Biles, alikuwa Ohashi. Akiwa na miaka 9 hivi alishahamia Missouri kwa ajili ya mazoezi, baadae Texas, kwenye klabu ya WOGA pale Plano ambayo imetoa mabingwa wa Olimpiki, na mwaka 2011 akawa bingwa wa taifa wa Marekani kwa vijana.

Machi 2013 kwenye American Cup, mashindano yake ya kwanza makubwa na wakubwa, akashinda. Wa pili alikuwa Simone Biles. Wote wana miaka 15. Miezi michache tu baadae Biles akaenda Antwerp akachukua ubingwa wa dunia na kuanzia hapo stori yake unaijua, wakati Ohashi hakushindana tena kwenye ngazi ile. Bega likafanyiwa oparesheni, mgongo ukasumbua, akaambiwa kuna uwezekano asirudi kabisa. Na yeye mwenyewe amekuja kusema hadharani kitu ambacho kilinikaa sana: kwamba alipoumia, kuna sehemu ya moyo wake ilishukuru. Fikiria mtoto wa miaka 16, bora duniani kwenye kitu chake, anashukuru kuvunjika kwasababu sasa angalau kuna sababu inayoeleweka ya kupumzika.

Kwanini afike hapo? Kaeleza mwenyewe kwenye mahojiano na maandishi yake. Njaa, mizani, maneno kuhusu mwili. Aliwahi kufananishwa na ndege asiyeweza kuruka. Mtoto anaamka, anajiangalia kwenye kioo, anachukia anachokiona, alafu anaenda gym kurusha huo mwili anaouchukia hewani mara mia kwa siku. Haikuwa kwake peke yake, jimnastiki ya wasichana ya ngazi ya juu Marekani na nchi nyingi nyingine ilijengwa miaka mingi juu ya wazo kwamba msichana awe mdogo, mwepesi, na mtiifu, na makocha wengi hawakuona ubaya kwasababu medali zilikuwa zinakuja.

Sasa hapa ndo tuingie kwenye alama, watu wengi wanapotelea hapa.

Zamani 10 ndo ilikuwa alama ya juu kila mahali. Montreal 1976, Nadia Comaneci wa Romania akiwa na miaka 14 akapata 10 ya kwanza kwenye historia ya Olimpiki na ubao wa matokeo haukuwa umetengenezwa kuandika namba hiyo, ukaonyesha 1.00. Mfumo huo ukaendelea mpaka Athens 2004 ambapo ulitokea mzozo mkubwa wa alama kwenye fainali ya wanaume, Mkorea akapunguziwa thamani ya mchezo wake kimakosa na dhahabu ikabaki kwa Mmarekani. Baada ya hapo, kuanzia 2006, shirikisho la dunia likaachana na 10. Sasa hivi kimataifa kuna alama mbili zinajumlishwa, moja ya ugumu ambayo haina dari, kadiri unavyoweka mizunguko migumu inapanda, na moja ya utekelezaji inayoanzia 10 na kushuka kila unapokosea. Ni kama mtihani ambao kwanza unapewa maksi kwa kuchagua maswali magumu, alafu unasahihishwa majibu. Ndo maana Biles unamkuta na 15 na kitu kwenye zulia, na ndo maana anaweza hata kutoka nje ya mstari na bado akashinda, maana ugumu wake umeshamweka mbali na wenzake.

Vyuo vya Marekani vilikataa kuifuata hiyo njia. Wao wamebaki na 10. Mchezaji anatakiwa kutimiza mahitaji fulani na kuongeza vitu vya bonasi mpaka thamani ya mchezo wake ifike 10, ikishafika hapo hamna faida ya kuongeza ugumu tena, kazi inayobaki ni kutokupoteza. Kidole cha mguu hakijanyooka, wanakata. Goti limekunja kidogo, wanakata. Ukitua ukasogeza mguu hatua moja, 0.1 imeondoka. Kuanguka ni 0.5, wakati kimataifa kuanguka ni 1 nzima. Kwahiyo mtu anaposema "Ohashi kapata 10 na Biles hajawahi, basi Ohashi ni bora" anachanganya vitu visivyopimika kwa mzani mmoja. Na anayesema "ya chuo ni rahisi tu" naye anakosea, maana hebu jaribu kurudia mchezo uleule wiki baada ya wiki kuanzia Januari mpaka Aprili, ukiwa na mitihani ya darasani, na ukitua vibaya sentimita chache tu wenzako wote wanaumia na wewe.

Nasema wenzako kwasababu hili nalo ni tofauti kubwa. Kimataifa timu ipo lakini akili ya watu iko kwa mtu mmojammoja. Chuoni kitu kikubwa ni timu. Vifaa kwa wanawake ni vinne, kuruka juu ya meza, vyuma viwili vya juu na chini, ubao mwembamba wa upana wa sentimita 10 uliopandishwa mita moja na robo kutoka chini, na zulia. Kila kifaa wanapanda wasichana sita, alama tano bora zinahesabiwa, ya chini inatupwa. Tano mara nne mara kumi, kwahiyo timu isiyo na doa ingepata 200. Timu kubwa zinacheza kwenye 197 na 198, yani ubingwa wa nchi nzima unaamuliwa na vitu vidogo mno.

Mfano bora wa hili ni fainali ya 2018 pale St. Louis, na naiweka hapa kwa kirefu kidogo maana ndo usiku Ohashi alipopata ubingwa wa taifa. Oklahoma walikuwa mabingwa watetezi na walikuwa wameongoza. UCLA wamemalizia kwenye ule ubao mwembamba, kifaa ambacho kila mtu anakiogopa kumalizia. Wa mwisho kupanda ni Christine Lee wanayemwita Peng-Peng, Mkanada, ambaye alitakiwa kwenda Olimpiki ya London akaumia goti kwenye mashindano ya mchujo, akaja UCLA, akakaa nje kwa majeraha muda mrefu mpaka akafika mwaka wa sita chuoni. Huo ulikuwa mchezo wa mwisho wa maisha yake. Ili wenzake wachukue kombe alihitaji 9.975. Akapata 10. UCLA 198.075, Oklahoma 198.0375. Tofauti ni 0.0375, ambayo ni ndogo kuliko kale kahatua kamoja ka kutua nilikokueleza. Ohashi mwenyewe msimu huo akagawana ubingwa wa zulia kitaifa.

Angalia pia kikosi chenyewe kilikuwa na nani. Kyla Ross, dhahabu ya timu London 2012. Madison Kocian, dhahabu ya timu Rio 2016. Hawa walikuja chuoni BAADA ya Olimpiki. Kwahiyo lile wazo kwamba chuo ni ngazi ya chini unayopitia kwenda Olimpiki liko kichwa chini miguu juu. Kwa wasichana wa Marekani kwa miaka mingi njia ilikuwa kinyume, unaenda Olimpiki ukiwa na miaka 16 mpaka 19, alafu ndo unakuja chuo. Hii ni tofauti kabisa na mpira wa kikapu au riadha ambapo chuo ndo daraja la kupandia. Waliokuwa wanamwambia Ohashi ajiandae kwa Tokyo hawakujua kwamba yeye ile barabara alishaipita, na aliipita akitambaa.

Kocha aliyempokea UCLA anaitwa Valorie Kondos Field, wenyewe wanamwita Miss Val. Huyu mama hakuwahi kuwa mwanajimnastiki, alikuwa mcheza balei, na akawa kocha mkuu 1991, akashinda ubingwa wa taifa mara saba mpaka anastaafu 2019. Ohashi alipofika alikuwa hataki kuwa bora tena, na kocha wake ameisimulia hadharani hiyo stori, kwamba yule binti alimwambia waziwazi hataki kuwa mchezaji mkubwa tena. Kwa akili yake kuwa mkubwa na kuteseka vilikuwa kitu kimoja. Kocha mwingine angempa mazoezi ya ziada. Miss Val akachagua kumsubiri, akamuuliza maisha yanaendaje, familia, masomo, akamfundisha kucheza kwenye zulia kama mtu anayesimulia kitu. Ilichukua muda mrefu. Ule uchekaji tuliouona kwenye video haukuwa wa kuigiza kwa ajili ya kamera, ulikuwa umetoka mbali.

Na mazingira yanasaidia. Sheria za chama cha michezo ya vyuo, NCAA, zinaweka mwisho wa masaa 20 ya mazoezi kwa wiki, wakati mtoto wa ngazi ya kimataifa anaweza kuzidisha hapo vizuri tu. Mchezo wenyewe haukulazimishi kuweka ugumu unaoua mgongo. Mashabiki wanajaa ukumbini kama ni basketi. Na mchezaji ni mtu mzima wa miaka 18 mpaka 22 mwenye mwili wa mtu mzima, sio mtoto anayeombwa asikue.

Hapa siwezi kumruka Maggie Nichols, maana yeye na Ohashi walikuwa wapinzani kwenye vyuo miaka ileile na stori yake ina uzito kuliko alama yoyote. Nichols, mtu wa Minnesota, alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyochukua dhahabu ya dunia Glasgow 2015. Mwaka huohuo taarifa yake ikafika kwenye shirikisho la Marekani kuhusu daktari wa timu Larry Nassar aliyekuwa anawadhalilisha wasichana kingono, akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa ambao malalamiko yao yalifikishwa huko. 2016 akaumia goti, akapambana akarudi kwa ajili ya mchujo wa Olimpiki, akamaliza wa sita, hakuchaguliwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Oklahoma. Huko akawa bingwa wa taifa wa mchezaji mmojammoja kwenye vifaa vyote 2018 na tena 2019, akachukua ubingwa wa timu 2017 na 2019, na kwenye mwaka wake wa kwanza tu alishapata 10 kwenye kila kifaa kati ya vile vinne, jambo ambalo wachache sana wamewahi kulifanya. Januari 2018, wakati Nassar anahukumiwa, ndo akajitokeza kwa jina lake, kabla ya hapo kwenye makaratasi alikuwa anaitwa tu Mwanamichezo A. Msimu wake wa mwisho, 2020, ukakatwa na korona kabla fainali hazijafika.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja unaelewa kwanini mashabiki wa jimnastiki ya vyuo wana mapenzi ya ajabu na wachezaji wao. Wengi wa wale wasichana wamefika pale wamechoka, na kwa mara ya kwanza mtu anawaona wanacheza mchezo wao bila woga. Mimi hiki ndo kinachonifanya niifuatilie, sio hizo 10.

Alafu 10 zenyewe zina ugomvi wake. Kila msimu mashabiki wanalalamika kwamba majaji wanazigawa kama pipi, hasa kwenye mashindano ya nyumbani, na kwa kweli kuna wiki unaona hatua ya wazi kabisa na bado 10 inatoka. Msimu wa kawaida kila kifaa kinakuwa na majaji wawili tu, kwahiyo wawili wakikosa kukiona kitu kilekile imeisha. Rekodi ya 10 nyingi kwa mchezaji mmoja ni 28, waliishikilia Jenny Hansen wa Kentucky na Jamie Dantzscher wa UCLA, na 2023 Trinity Thomas wa Florida akaifikia kwenye usiku wa mwisho kabisa wa maisha yake ya chuo. Ohashi mwaka ule wa video alipata 10 kadhaa kwenye zulia, na bado kwenye fainali za taifa za Aprili 2019 hakuchukua ubingwa wa kifaa hicho, na UCLA wakamaliza wa tatu. Wengi hawajui hili. Mchezo uliotazamwa mara makumi ya mamilioni haukuwa mchezo wa bingwa wa mwaka huo.

Sasa hela.

Kwanza jiulize kwanini vyuo vina timu hizi kabisa. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Title IX, inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye taasisi za elimu zinazopokea pesa za serikali kuu. Timu ya wanaume ya ule mpira wao wa Kimarekani peke yake ilikuwa inaruhusiwa skolashipu 85, kwahiyo ili mizani ikae sawa vyuo vikahitaji timu za wanawake zenye skolashipu za kutosha, na jimnastiki ikapewa 12 za kulipiwa kila kitu, ada, malazi, chakula, vitabu. Jimnastiki ya wanaume kwa upande mwingine imekufa karibu kote, zimebaki timu chache mno. Ubingwa wa wanawake wa NCAA ulianza 1982, Utah wakawa wa kwanza, na mpaka leo vyuo vilivyowahi kuushinda vinahesabika kwa vidole, Utah, Georgia, UCLA, Alabama, Florida, Oklahoma, Michigan, na LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) walioingia 2024.

Skolashipu ni kitu kikubwa, hamna anayebisha. Lakini sharti lake lilikuwa kwamba mchezaji haruhusiwi kuingiza hata senti kupitia jina lake, picha yake au video yake. Chuo kinauza tiketi, televisheni inauza matangazo, chama kinauza haki za matangazo, ila yeye akiuza fulana yenye jina lake anafungiwa. Simone Biles alikutana na hiyo njiapanda mapema. Na hapa ndo pana kitu ambacho wengi hawakijui: Biles alishasaini kwenda UCLA. Alitakiwa kuwa kwenye kikosi kilekile cha Ohashi. Lakini 2015 akaamua kuchukua mikataba ya kibiashara, na kwa kuchukua tu akawa amepoteza haki ya kucheza chuoni milele. Kyla Ross na Kocian wao walichagua upande mwingine, wakaacha hela za baada ya dhahabu za Olimpiki ili waweze kucheza vyuo.

Ohashi akawa mfano hai wa ubaya wa sheria hiyo. Dunia nzima inaangalia video yake, makampuni yanapiga simu, na yeye hawezi kupokea kitu mpaka amalize msimu, na akishamaliza msimu umaarufu nao umepoa na hamna ligi ya kulipwa ya jimnastiki ya kwenda. Hili la mwisho ndo kiini. Mvulana wa basketi anaweza kusema sawa nitavumilia, NBA inakuja. Mwanajimnastiki wa kike kilele cha thamani yake sokoni ni hapohapo chuoni, ana miaka 21, na ndo wakati anaokatazwa. Mwaka huohuo 2019 Ohashi akaongea hadharani kuunga mkono sheria ya California ya kuruhusu wachezaji wa vyuo kunufaika na majina yao, Gavana Gavin Newsom akaisaini tarehe 30 Septemba 2019, majimbo mengine yakafuata, na 1 Julai 2021 NCAA wenyewe wakaachia. Ohashi alikuwa ameshahitimu miaka miwili nyuma. Hakupata chochote kutoka kwenye mlango aliosaidia kuusukuma.

Waliokuja baada yake ndo wakala matunda. Suni Lee alishinda dhahabu ya jumla, yani ya vifaa vyote, Tokyo 2021, wiki chache baada ya sheria kubadilika, akaenda chuo cha Auburn akiwa na mikataba yake mkononi, bingwa wa kwanza wa jumla wa Olimpiki kucheza NCAA. Jordan Chiles akaenda UCLA, Jade Carey Oregon State. Na wakarudi! Paris 2024 timu ya Marekani iliyochukua dhahabu ilikuwa na Biles, Lee, Chiles, Carey na mtoto mmoja wa miaka 16, Hezly Rivera. Watatu kati ya watano wamepita chuoni. Ile barabara ya upande mmoja sasa magari yanakwenda na kurudi, kwasababu msichana halazimiki tena kuchagua kati ya hela na shule, na kwasababu watu wameanza kukubali kwamba mwili wa miaka 23 unaweza. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano makubwa zaidi, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, ila sehemu kubwa ya hizo inaelekea kwenye mpira wa Kimarekani na basketi ya wanaume, na vyama vya jimnastiki vina wasiwasi wa haki kabisa kuhusu kitakachobaki.

Kwa sisi huku, njia hii ya michezo ya vyuo vya Marekani sio ngeni hata kidogo, ni vile tu tunaijua kwa miguu na sio kwa sarakasi. Suleiman Nyambui alikuwa anakusanya mataji ya NCAA pale Chuo Kikuu cha Texas El Paso na 1980 akaileta Tanzania fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Edward Cheserek wa Kenya alichukua mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Sharon Lokedi alikuwa bingwa wa vyuo wa mita 10,000 mwaka 2018, akiwa Kansas, kabla hajaanza kushinda maratoni New York na Boston. Kwahiyo kama una mdogo wako anakimbia au anacheza na anaota skolashipu ya kule, kuna kitu kimoja ambacho mazungumzo ya hela mpya yanakificha: ruhusa ya kuuza jina imetolewa na NCAA, lakini mwanafunzi mgeni anaishi kwa viza ya F-1, na viza hiyo inabana sana kazi na malipo ndani ya Marekani. Mmarekani akitangaza viatu kwenye Instagram yake anakula hela, mwenzake kutoka Eldoret au Arusha akifanya hivohivo anaweza kuhatarisha viza. Ulizeni hilo ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini chochote.

Turudi kwa Ohashi. Alimaliza UCLA 2019, akawa amesoma masuala ya jinsia, na hakujaribu kurudi kwenye njia ya Olimpiki. Akaanza kuongea kuhusu mwili na chakula na kile kilichompata akiwa mtoto, kwa lugha ya wazi kuliko wachezaji wengi waliomtangulia. Vuli ya 2021, baada ya Tokyo, Simone Biles akaandaa ziara ya maonyesho iliyozunguka miji ya Marekani, wasichana tupu, muziki na jimnastiki bila majaji. Katelyn Ohashi alikuwa mmoja wa waliopanda jukwaani. Wale mabinti wawili wa miaka 15 wa American Cup wakawa sasa wana 24, na safari hii hamna aliyekuwa anahesabu nani wa kwanza na nani wa pili.